Fundi wa karo: maswali ya kuuliza kabla jembe halijagusa ardhi

Mwanaidi: Karibuni wasikilizaji. Leo ni habari ya karo la nyumbani, yaani tangi la majitaka na shimo lake, kulijenga na kulitengeneza, na tunaangalia zaidi Dar es Salaam, kwa sababu sehemu kubwa ya jiji haijafikiwa na bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kila mwenye nyumba anajichimbia lake. Kaka Baraka, mtu ana kiwanja, anatafuta fundi. Aanzie wapi?

Baraka: Aanzie kwenye udongo wake, dada. Akianza na simu ya fundi, mazungumzo yatakuwa ya bei tu. Lazima ajue kwamba ananunua vitu viwili. Kuna tangi lenyewe, ambalo halitakiwi kuvuja hata tone: humo uchafu mzito unatulia chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Halafu kuna shimo la kufyonzea, ambalo kazi yake yote ni kuyapeleka maji hayo ardhini. Tangi zuri linaweza kujengwa karibu popote. Shimo la kufyonzea linaamuliwa na ardhi, na ukisikia "karo limejaa kila mwezi", mara nyingi shida iko huko.

Mwanaidi: Na ndiko mafundi wengi hawapimi.

Baraka: Hawapimi kabisa. Na kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kwenye kina ambacho maji yatakuwa yanaingilia. Jaza maji sentimita 30, yaache yafyonzwe usiku kucha ili udongo ulowe. Asubuhi jaza tena, kisha shika saa: maji yanachukua muda gani kushuka kutoka sentimita 22 na nusu hadi 7 na nusu? Rudia mara mbili tatu, uchukue wastani. Yakishuka ndani ya nusu saa, udongo unapitisha haraka mno, uchafu utafika kwenye maji ya ardhini bila kuchujwa. Yakichukua muda wa zaidi ya saa nne na kidogo, shimo la kufyonzea hapo litakusumbua maisha.

Mwanaidi: Hapo niongezee jambo la maji ya chini ya ardhi. Kiwanja cha Kigamboni karibu na bahari, au cha bonde la Msimbazi, unaweza kuchimba Septemba ukakuta pakavu, masika ikifika maji yako juu. Chini ya sakafu ya shimo la kufyonzea pawe na angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kukuta maji. Kwa hiyo anayechunguza kiwanja achunguze kati ya Machi na Mei, au aulize majirani visima vyao vinafika wapi wakati wa mvua. Na kisima chochote, chako au cha jirani, kiwe mita 30 kutoka shimo hilo. Kwenye viwanja vya hatua ishirini kwa ishirini hiyo mita 30 inavuka ukuta, lazima uongee na jirani.

Baraka: Sehemu zenye miamba ya matumbawe nazo ziangaliwe. Mwamba ukiwa na nyufa, maji yanapotea upesi na mwenye nyumba anafurahi, kumbe yanakwenda moja kwa moja kwenye kisima cha mtu.

Mwanaidi: Sasa ukubwa. Fundi akisema "tuchimbe futi kumi", ameupata wapi huo ukubwa?

Baraka: Hapo muulize swali hilo hilo. Fundi anayejua kazi atakuuliza kwanza mko wangapi, mna mashine ya kufulia, kisima kiko wapi, na gari la kunyonya litaegesha wapi. Tuchukue familia ya watu sita, kila mmoja lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 600. Maji yanahitaji kukaa angalau siku nzima ili yatulie. Tope linajijenga kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo miaka mitatu ni lita 720. Jumla lita 1,320, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Weka nafasi ya wageni na siku za kufua, jenga la lita 3,000 hivi: urefu mita 2.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.3, na juu yake sentimita 30 za hewa. Vipimo vya ndani hivyo, baada ya plasta. Kuna mafundi wanaokupa vipimo vya nje, ukitoa unene wa tofali unakuta umepunjwa zaidi ya theluthi.

Mwanaidi: Vyumba viwili.

Baraka: Viwili. Cha kwanza kichukue theluthi mbili, mita 1.6, cha pili mita 0.8. Tundu la kupitisha maji kati yao liwe katikati ya kina, siyo juu kwenye mafuta wala chini kwenye tope.

Mwanaidi: Na shimo la kufyonzea?

Baraka: Mchanga laini unaweza kupokea kama lita 33 za majitaka kwa kila mita ya mraba kwa siku. Gawanya 600 kwa 33, unapata mita za mraba 18. Hesabu kuta tu, sakafu usiihesabu kwa sababu inaziba mapema. Shimo lenye kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 2 chini ya bomba lina ukuta wa mita za mraba tisa na kidogo. Maana yake ni mashimo mawili. Udongo mzito zaidi, wa lita 20, unahitaji matatu na zaidi. Sasa mtu amechimbiwa moja, dogo, kwenye mfinyanzi. Hata ulete gari la kunyonya kila wiki, halitaponya.

Mwanaidi: Tuje kwenye makubaliano. Mimi naona mwenye nyumba aandike yale ambayo hayataonekana tena udongo ukirudishwa. Tii mbili za inchi 4, yale maungio ya bomba yenye umbo la T: ya kuingilia izame sentimita 30 hivi chini ya maji, ya kutokea izame kama asilimia 40 ya kina. Hiki ni kitu cha bei ndogo, na kikikosekana mafuta na tope vinasafiri hadi shimo la kufyonzea na kuliziba. Wengine wanaingiza bomba ukutani wanaliacha hapo hapo.

Baraka: Na bomba la kutoka liwe chini ya la kuingia kwa sentimita 5 hadi 7. Hilo likaguliwe kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, jicho halitoshi. Bomba kutoka nyumbani lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kila kona iwe na chemba, kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia bomba. Ukiona fundi anaweka elbo ya nyuzi 90 ardhini bila chemba, msimamishe siku hiyo hiyo, maana pakiziba hapo utavunja sakafu.

Mwanaidi: Mifuniko?

Baraka: Miwili, mmoja juu ya kila tii, inayofunguka. Jamvi la juu liwe na nondo na zege halisi, watoto wanacheza juu yake. Na kabla ya kulifunika, jaribio la maji: jaza hadi usawa wa bomba la kutoka, acha siku moja plasta inywe, ongeza, weka alama, rudi baada ya saa 24. Yakishuka tena, kuna ufa.

Mwanaidi: Hapo ndipo pesa ya mwisho inapotoka. Nunua vifaa mwenyewe, lipa ufundi kwa hatua: sakafu ikimwagwa, kuta na plasta zikikamilika, na sehemu ya mwisho baada ya jaribio la maji. Piga picha kila hatua ukiweka futi ndani ya picha. Kwa nyumba ya kawaida, fundi mwashi mzuri na fundi bomba aliyepita VETA, chuo cha ufundi, wanaweza kuifanya pamoja. Kwa nyumba za wapangaji wengi au kiwanja chenye maji juu, lipa mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, akuchoree, na mkandarasi ahakikiwe CRB, bodi ya makandarasi. Karo lionekane pia kwenye michoro ya kibali cha ujenzi, halmashauri italiulizia.

Baraka: Wanaochagua tangi la plastiki wasikilize hili: likiwa tupu kwenye ardhi yenye maji, kila lita 1,000 za ukubwa wake zinasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani moja. Linang'oka na mabomba yake. Linahitaji jamvi chini na mikanda ya kulifunga.

Mwanaidi: Karo lililopo tayari, choo kinarudisha. Unamwita nani?

Baraka: Kwanza fungua mifuniko, usimwite yeyote bado. Kama chemba iliyo karibu na nyumba imejaa na ndani ya karo maji yako usawa wa kawaida, ni bomba limeziba, mwite fundi bomba. Kama maji ndani ya karo yamepanda juu ya bomba la kutoka, shimo la kufyonzea limechoka au njia yake imeziba. Kama yako chini ya bomba la kutoka, tangi linavuja. Na kama linajaa kila mvua ikinyesha, tafuta mfereji wa bati ulioelekezwa humo. Maji ya mvua hayatakiwi kuingia.

Mwanaidi: Shimo lililochoka linafufuka?

Baraka: Linahitaji kupumzika miezi mingi. Jenga la pili, weka chemba ya kugawa, uwe unabadilisha. Kulichimba zaidi hadi ufikie maji ni kuwanywesha majirani uchafu wako.

Mwanaidi: Na hakuna kuingia ndani. Nalisema kwa nguvu zote. Gesi ya humo yenye harufu ya mayai viza ikizidi, pua haiisikii tena, na hewa ya oksijeni haipo. Anayeshuka kumwokoa mwenzake anakufa naye. Fundi anayesema "nashuka dakika mbili tu", mzuie. Kiberiti na sigara viwe mbali.

Baraka: Kunyonya kufanyike tope na mafuta yakifika theluthi ya kina. Pima kwa fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe. Gari likija, simama pale: wengine wananyonya maji ya juu na kuacha tope chini, kwa hiyo mwambie alikoroge tope kwanza. Likimaliza, jaza maji karo siku hiyo hiyo, na muulize dereva anamwaga wapi. Jibu liwe mabwawa yanayokubalika, kama ya Vingunguti. Akikwepa swali, mtafute mwingine kabla hujalipa.