Bidoni ya Lita Tano na Kifuniko Chake

Wazazi wangu, vijana, jioni njema. Waliokwisha kunisikia wanajua nitaanzia wapi, na wengine naona wameshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni bidoni tena, dumu la maji. Nitaisema mpaka siku nitakapoingia nyumba kumi za mtaa wa Ndosho hapa Goma na kuikuta mlangoni katika zote kumi.

Sitawaeleza Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ni nini. Hapa hakuna asiyekanyaga lava akienda sokoni. Nauliza hivi: tarehe 27 Mei 2021, mlima ulipokuwa umelipuka na tukaambiwa tutoke mjini, wewe ulibeba nini? Mimi nilikuwa kwenye barabara ya Sake, mtoto mgongoni, nikatazama. Niliona magodoro. Niliona televisheni juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, imefungwa kitenge kama mgonjwa. Maji niliyaona kwa watu wachache sana.

Sisi tulikuwa na bidoni ya lita 20, imejaa, na niliamini tumejiandaa. Lita 20 ni kilo 20. Aliibeba kijana wangu wa miaka 14. Kifuniko kilikuwa kimepotea zamani, tumeziba kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa sashe, yaani mfuko wa plastiki, kama mnavyoziba ninyi, msinitazame hivyo. Kila hatua maji yanaruka, yanamlowesha shingo. Kabla hatujafika Mugunga gunzi likachomoka, likaanguka katikati ya miguu ya watu na mbuzi. Akaliokota, akalipangusa kwenye suruali, akalirudisha mahali pake. Nilimwona. Kwa uchovu nikanyamaza.

Siku ya tatu mtoto wa mgongoni akaanza kuhara. Sisemi gunzi ndilo lililomuumiza. Nasema mlango tuliuacha wazi. Mama mmoja wa Sake, aliyetupokea bila kutujua, alichukua lita moja ya maji yaliyochemka, akatia vijiko vidogo 6 vya sukari, vya kusawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tukamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka jogoo akawika. Akitapika, tunangoja kidogo, tunaanza tena. Mtoto alipona, yuko shuleni. Kipimo hicho kiandikeni ukutani jikoni, na msikikisie: chumvi ikizidi, inamuumiza mtoto.

Basi ninachotaka ni bidoni ya lita 5. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kutembea nayo. Mkiwa watu wanne, kila mtu mzima abebe yake. Chukua ile ya mafuta ya kula, ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Iliyokaa petroli au dawa ya shamba usiiguse hata ukipewa bure. Ijaze, ifunge, ilaze ubavu juu ya kipande cha katoni usiku kucha. Asubuhi katoni ikiwa kavu, bidoni ni nzima. Kisha kifuniko ukifunge uzi kwenye mkono wa bidoni. Uzi huo tu! Hauna bei, na ungetuokoa siku ile. Kila Jumapili mwaga, jaza upya.

Kuna anayesema moyoni: mama, ziwa liko pale, maji tutakosaje? Januari 2025 umeme ulipokatika na pampu zikasimama, watu walishuka Kivu kwa maelfu na bidoni zao. Ziwa lile lile tunalooga na kufulia, na kipindupindu tunakijua hapa tangu 1994 na kabla yake. Maji ya ziwa yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kisha maji ya javeli, dawa ya kung'arisha nguo, yasiyo na manukato, yale ya asilimia 5: matone 2 kwa lita, yaani matone 10 kwa bidoni yetu, ungoje nusu saa. Huna pesa ya javeli wala ya makala, mkaa wa kuchemshia? Chupa za plastiki zinazopenya mwanga, zitoe karatasi, jaza maji maangavu, zilaze juu ya bati kwa muda wa saa 6 jua likiwaka. Mawingu yakitanda, siku mbili nzima. Sitaki kusikia tena kwamba kujiandaa ni kwa wenye pesa.

Mnanionyesha saa, lakini mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini, siwezi kuyaacha. Mkilala nje, msilale bondeni wala kwenye shimo la lava, hata kama pana kinga ya upepo. Hewa ile ni nzito kuliko hewa yetu, inajaa chini kama maji kwenye beseni, hasa usiku na alfajiri. Ukiona majani yamekauka mahali pamoja na ndege au panya wamekufa, ondoka. Msiipime kwa taa, kwa sababu taa ikizimika na wewe umeshaivuta. Mtoto asikae chini mahali pale: mtu mzima kichwa kiko juu ya hewa ile, mtoto yuko ndani yake. Na mtu akianguka shimoni, usimrukie. Ndivyo wanavyokufa wawili, watatu.

Mengine kwa haraka. Mbabula, jiko la mkaa, usiingize kwenye chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Namba za simu ziandikwe kwenye karatasi, simu itazima. Karatasi ziwe ndani ya sashe. Mwaka ule 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi njiani: mwambie mwanao leo usiku mtakutana wapi, tena jina la mahali, usiseme tu «kwa shangazi», mashangazi ni wengi. Turubai na kamba nilitaka kuzionyesha, basi, wiki ijayo.

Niliwaambia mje na bidoni zenu. Yule kijana wa nyuma, naiona yako ina gunzi. Njoo nayo hapa mbele, nina vifuniko 12 na uzi.