Samaki Naye Ana Tumbo

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa BMU, vikundi vyetu vya kulinda rasilimali za uvuvi, mama zangu wa soko la Mwaloni, vijana wa chuo, habari za asubuhi.

Nianze kwa kulikataa swali kabla halijaulizwa. Kila nikizungumzia plastiki humu Ziwa Victoria, mkono unanyooshwa: "Mwalimu, kwa hiyo tusile samaki?" Jamani! Sangara na sato mnawatumbua, na chembe nyingi hubaki humo humo kwenye matumbo mnayotupa. Dagaa ndiye tunayemla na utumbo wake, naye tutamwekea siku yake. Leo niacheni nimzungumzie samaki. Wewe unakutana na ziwa mezani. Yeye anaishi humo.

Habari ya plastiki kutooza, kwamba inakatikakatika tu hadi chembe ndogo kuliko milimita 5, mmeshaisikia hadi mmechoka. Naruka. Watafiti walinunua samaki sokoni hapa hapa Mwanza, sangara 20 na sato 20, wakawapasua, wakachukua kilichotiliwa shaka wakakipima kwa mashine kujua ni kitu gani hasa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Kwa sangara na kwa sato vilevile, mmoja kati ya kila watano alikutwa na plastiki iliyothibitishwa. Kulikuwa na polithini, ile ya mifuko. Poliesta, ile ya nguo. Poliurethani, ambayo ndiyo sponji ya magodoro. Sangara na godoro wapi na wapi?

Mtu ataniambia samaki mjinga, anameza hovyo. Hapana. Plastiki ikikaa majini inaota utelezi wa mwani na vijidudu, na utelezi ule una harufu ya chakula. Mwaka 2017 kulichapishwa jaribio la California lililofanywa kwa anchovi, samaki wadogo wanaokwenda makundi makundi kama dagaa wetu. Walitiliwa harufu ya plastiki iliyolowekwa baharini, wakajikusanya na kuanza kutafuta kana kwamba wameletewa mlo. Harufu ya plastiki safi hawakuijali. Sasa nani mjinga hapo?

Namwona mzee wangu hapa mbele anacheka, na najua analotaka kusema: si atainya tu? Kweli, mzee wangu, nyingi anazitoa. Lakini uzi wa poliesta haupiti kama punje, unajisokota na wenzake. Chembe yenye ncha inakwaruza ngozi laini ya ndani ya utumbo. Samaki waliolishwa plastiki maabara wamekutwa utumbo umevimba, na bakteria wanaomsaidia kusaga chakula wamevurugika. Halafu akitoa za leo, kesho anameza nyingine. Ni kama mtoto anayeshibishwa uji mwepesi: tumbo limejaa, mwili una njaa. Samaki wa namna hiyo hukua polepole na mafuta yake hupungua, na samaki jike asiye na akiba mwilini atatoa wapi mayai mengi? Wala haelei chali ufukweni mkapiga picha. Mnavua kidogo kuliko jana, mnasingizia mbalamwezi.

Na ini. Mwaka 2013 kulichapishwa jaribio la samaki wadogo wa Kijapani waitwao medaka. Kundi moja lililishwa plastiki mpya, jingine plastiki iliyoelea kwenye ghuba ya San Diego ikanyonya sumu za majini. Baada ya miezi 2 maini yalikuwa yameathirika kwa makundi yote mawili, ila waliokula ile ya ghubani walikuwa hoi zaidi.

Mwanafunzi mwerevu atasema maabara huwapa samaki plastiki nyingi kuliko iliyomo ziwani. Mara nyingi ni kweli, na nafurahi ukiliuliza hilo. Na kuna utafiti mmoja wa Sweden wa mwaka 2016, uliodai vifaranga vya samaki huchagua plastiki wakaacha chakula. Uliondolewa jaridani mwaka uliofuata baada ya watu kuuhoji na kukutwa na udanganyifu. Bado nausikia kwenye semina! Acheni kuunukuu. Kesi ya samaki inasimama bila ushahidi wa uongo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Mifuko ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vizuri, lakini hatukupiga marufuku mitumba ya poliesta inayofuliwa mwaloni, na kila ikifuliwa inaacha nyuzi. Matairi nayo: kule Seattle, Marekani, samaki wa samoni aina ya koho walikuwa wakifa ndani ya saa chache kila mvua ikinyesha, hadi mwishoni mwa 2020 ikatajwa kemikali itokanayo na vumbi la matairi. Maji ya barabara zetu nayo yanaingia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Hilo lilihitaji saa nzima, basi.

Nyavu sitaki kuziruka. Makila ya nailoni yakichakaa yanatupwa, mengine humo humo majini. Viongozi wa BMU, msiondoke kwenda kwenye chai. Nawasubiri pale mlangoni, kila mmoja aniambie mwalo wake unazipeleka wapi nyavu chakavu.