Zanzibar ni Nyumbani kwa Watu

(Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya wanachama wa vyama vya akiba wanaopanga safari ya Unguja)

Assalamu alaykum, na kwa wengine habari za jioni. Akina mama, akina baba, na vijana mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, nawashukuru sana. Nimeambiwa mmekuwa mkichanga kila mwezi, kidogo kidogo, kwa ajili ya safari hii, na pesa ya chama ni pesa ya jasho. Sikuja kuwavunja moyo. Mimi ni mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kazi yangu ni kutembeza wageni, na kwetu mgeni akikosekana hata muuza madafu anarudi nyumbani mikono mitupu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo: mwenyeji anapona vipi mkija, na ni wakati gani mnamwacha taabani zaidi ya mlivyomkuta.

Nitaanza na maji, kwa sababu hayo ndiyo wageni hawayaoni kabisa.

Hoteli nyingi za Unguja ziko kaskazini na mashariki, Nungwi, Kiwengwa, Paje, kwetu Jambiani. Huko ardhi ni mawe ya matumbawe. Udongo ni mwembamba na mto hakuna. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe, na maji yake baridi yanakaa chini yakielea juu ya maji ya bahari. Ukichota taratibu unapata maji matamu. Ukivuta kwa pampu mchana na usiku, chumvi inapanda, na ikishapanda kisimani haishuki kwa kuisubiri wiki moja au mbili. Wa kwanza kujua ni akina mama: chai inabadilika ladha, sabuni inakataa kutoa povu, na ndoo inabidi ikajazwe mbali zaidi.

Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti kuhusu maji katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kijijini ilikuwa ikitumia kama lita 93 kwa siku. Hapo ni kupika, kuoga, kufua, kunywa, watu wote wa nyumba. Chumba kimoja katika nyumba ya wageni ya kawaida kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Gawanyeni wenyewe: chumba kimoja, maji ya kaya 34 na ushee. Na sehemu kubwa ya maji ya namna hiyo haimfikii mtu kinywani. Yanakwenda kwenye nyasi zinazomwagiliwa jua likiwaka, kwenye bwawa la kuogelea lililo hatua chache kutoka baharini, na kwenye mashuka yanayofuliwa kila siku hata kama mgeni amelala usiku mmoja.

Kwa hiyo kabla hamjalipa, mwenyekiti au katibu wenu apige simu hotelini aulize mambo mawili. Maji mnayatoa wapi? Na maji machafu mnayapeleka wapi? Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, maana shimo la choo likichimbwa ovyo kwenye jiwe la matumbawe linavujia kisimani upande mmoja na baharini upande wa pili. Hoteli inayovuna maji ya mvua, au inayosafisha maji machafu na kuyamwagilia bustanini, itawajibu kwa furaha, kwa sababu imegharamia jambo hilo. Inayobabaika nayo imewajibu. Mtu mmoja akiuliza anaweza kupuuzwa, lakini chama cha watu 30 kinachotaka vyumba 15 ni mteja ambaye hakuna meneja atakayemkatia simu. Mkishafika, ogeni upesi, waambieni wasibadilishe taulo kila siku, na kama mnataka kuogelea, bahari iko pale.

Sasa twendeni ufukweni. Ukiamka asubuhi Jambiani au Paje siku za bamvua, utakuta bahari imekupwa mpaka mbali, na kwenye ule mchanga wenye maji ya magotini utaona safu za vijiti vilivyochomekwa, na kamba zimefungwa kutoka kijiti hadi kijiti. Hayo ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza huko kwetu mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kila kamba imefungwa vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kwa uzi, kwa mkono. Mama anainama pale tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, kwa sababu bahari haimsubiri. Wiki kadhaa baadaye anavuna, anabeba gunia lililolowa kichwani, anaanika, halafu anauza kwa kilo kwa bei ambayo hakuipanga yeye.

Tena siku hizi kazi imekuwa ngumu zaidi. Mwani wa kotonii, ule wenye bei nzuri, unakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu bahari imepata joto. Wengi wamebaki na spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Fikirieni basi mama huyo anaona kundi la wageni wanakatisha katikati ya shamba lake, wanakanyaga kamba, mmoja ananing'iniza mwani shingoni apigwe picha, mwingine anamwelekezea simu yeye mwenyewe akiwa ameinama na nguo zimemshika mwilini. Hakuna aliyesema hata hujambo. Mimi mambo haya nayaona na yananiuma, na yananiuma zaidi mgeni akiwa anazungumza Kiswahili, kwa sababu Mzungu angeweza kusema hakujua namna ya kuomba. Nyinyi mnajua. Piteni pembeni ya shamba. Toeni salamu, na kwa aliyewazidi umri ni shikamoo. Mkitaka picha, ombeni, na akikataa semeni ahsante mwende zenu. Mkitaka kujua zaidi, wapo akina mama wa Paje na Jambiani wanaotengeneza sabuni na mafuta ya mwani, na watawatembeza shambani kwa malipo. Pesa hiyo inaingia mkononi mwao siku hiyo hiyo.

Hapo nimefika kwenye pesa. Ule mpango wa siku tatu na usiku mbili, kila kitu ndani, mnalipa hapa Nairobi: ndege, chumba, chakula, vinywaji, gari. Najua una raha yake, hakuna anayepotea wala anayeishiwa. Lakini mkiwa mmeshalipia kila kitu, hamtoki getini. Mama anayekaanga samaki na ndizi nyuma ya msikiti hawaoni. Mwenye ngalawa hawaoni. Kijiji kinatoa maji, kinatoa ufukwe, kinapokea kelele za muziki usiku, na kinachobaki kwake ni mishahara ya walinzi na watunza bustani, wakati mwingine hata hao wametoka mbali. Ushauri wangu ni huu: lipieni chumba na chai ya asubuhi tu. Mchana na usiku kuleni nje. Chukueni daladala ya 309 kutoka mjini hadi Jambiani, mtakaa na wanafunzi, makapu ya samaki na akina bibi, na mtafika. Mkihitaji kiongozi wa matembezi, dai kitambulisho chake cha leseni. Papasi, wale wanaojipachika kutembeza wageni bila leseni, watawafuata ufukweni, ni vijana wanatafuta riziki, wajibuni kwa upole, lakini kazi ya kutembeza watu mpeni mwenye leseni, kwa sababu akikosea kuna pa kumshitaki.

Na msibishane bei mpaka mtu akauza kwa hasara. Kuvutana bei kidogo ni mazungumzo, kwetu hata tunapenda. Kumshusha mwenye mashua mpaka hela ya mafuta haitoshi ni kumlazimisha apunguze mahali pengine, na mahali penyewe mara nyingi ni maboya ya kujiokolea.

Pweza naye ana habari yake. Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba huwa vinafunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi, hakuna kuvua pweza hapo, ili wakue. Wanaofunga ni wavuvi wenyewe na kamati zao, na wanaovumilia njaa ya miezi hiyo ni wao. Mkiagiza pweza mezani, ulizeni ametoka wapi, na mkiletewa kapweza kadogo ka saizi ya kiganja, kataeni. Mpishi atamwambia mnunuzi, mnunuzi atamwambia mvuvi.

Kizimkazi mtapelekwa kuona pomboo. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu tatizo hili mteja ndiye anaweza kulimaliza. Pomboo wakitokea, boti zote zinawakimbilia, zinawazunguka, wageni wanarukishwa majini juu yao, wanyama wanazama na kuibukia kwingine, boti zinawakimbilia tena. Wapo kina mama pomboo wenye watoto, wapo wanaotaka kupumzika. Nahodha anafanya hivyo kwa sababu anaamini msipoogelea nao hamtaridhika na bakshishi hamtatoa. Mwambieni mapema, kabla hajawasha mashine: kaa mbali, zima mashine, usiwakatie njia, hatutaruka, na bakshishi yako iko pale pale. Nimeona manahodha wakishusha pumzi waliposikia maneno hayo. Mara nyingi pomboo wakiachwa wanasogea wenyewe.

Ni hivyo hivyo kwa viti vya pweza, wale nyota wa bahari wekundu ambao kila mtu anawainua juu apige nao picha. Nje ya maji wanaumia. Waacheni. Kombe kubwa, matumbawe, na kitu chochote cha gamba la kasa msinunue kabisa. Kasa ni mnyama anayelindwa kwa mkataba wa kimataifa, na mnaweza kukamatwa uwanja wa ndege. Msitu wa Jozani mkienda kuwaona kima punju, ambao asili yao duniani kote ni Unguja peke yake, msiwalishe wala msiwaguse. Sehemu ya kiingilio cha pale hurudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu, kwa hiyo lipeni getini, na risiti mwichukue.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Ufukweni mbele ya hoteli vaeni nguo za kuogelea. Mkiingia kijijini au Mji Mkongwe, funikeni mabega na magoti, wanaume pia, hakuna kutembea kifua wazi sokoni Darajani. Ramadhani ikiwakuta, msile wala kunywa wala kuvuta sigara barabarani mchana. Hotelini mtahudumiwa, na magharibi mkialikwa kufuturu, nendeni, na mbebe tende. Mkiwa huru mwezi wa saba, njooni Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Siku hiyo watu wa Makunduchi hawapendi nyumba yoyote ikose mgeni, mtakaribishwa kula na watu msiowajua.

Takataka: nyinyi Wakenya mmeshazoea, mifuko ya plastiki mliiaga Agosti 2017. Zanzibar iliipiga marufuku kabla yenu, mwaka 2006. Zilizobaki ni chupa za maji. Kisiwa ni kidogo, na takataka za mjini zinapelekwa Kibele, hapo hapo kisiwani. Hakuna nyuma ya mlima pa kuzificha. Kila mtu aje na chupa yake, aijaze kutoka kwenye dumu kubwa hotelini.

Na ndege. Ndege inakunywa mafuta mengi zaidi inapopaa, kwa hiyo safari fupi za kwenda na kurudi kila mara ndizo zenye hasara kubwa kwa hewa. Badala ya wikendi tatu kwa mwaka, njooni mara moja mkae siku nane. Wenye nafasi wapande treni mpaka Mombasa, kisha basi kupitia Horohoro na Tanga mpaka Dar es Salaam, na boti ya saa mbili hivi mpaka Unguja. Ni mwendo, sikatai, lakini mtaiona pwani nzima ya watu wanaosema lugha yenu.

Kabla sijakaa, kuna mama hapa mbele aliniuliza tulipokuwa tunakunywa chai: je, tuwabebee watoto wa kijijini peremende na madaftari? Mama yangu, peremende usilete. Na pesa usimpe mtoto ufukweni, hata akikuita kwa sauti tamu kiasi gani, kwa sababu mtoto aliyepata shilingi elfu mbili za kwetu asubuhi ufukweni, kesho hatakwenda shule, na chuo cha Kurani kwa ustadh jioni hatafika. Madaftari yalete. Nenda nayo shuleni saa za masomo, piga hodi ofisini kwa mwalimu mkuu, mkabidhi yeye, aandike kwenye kitabu chake. Halafu muulize kinachopungua. Safari nyingine atakwambia hataki madaftari, anataka tangi la maji.