Njiani kwenda kwa Yairo

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, mama zangu, vijana: nimeombwa niseme juu ya Mkristo na siku yake ya leo. Wengi tunakimbilia Mathayo 6:34, "Basi msisumbukie ya kesho." Na hapo hapo mtu wa Pemba atauliza: kwa hiyo nisipande mkarafuu? Maana unausubiri miaka ndipo uchume. Panda, ndugu yangu. Bwana kakataza kusumbuka, hakukataza kupanda. Ila msimu ukifika, karafuu huchumwa ingali imefumba. Ikishachanua, thamani imekwenda. Huwezi kuwa juu ya mti huku akili iko msimu ujao.

Mimi lakini napenda zaidi twende Marko 5. Yairo, mkuu wa sinagogi, kamjia Yesu. Binti yake wa miaka 12 yu mahututi. Wanaondoka pamoja, umati unawasonga. Njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, umri mzima wa yule mtoto, anagusa vazi la Yesu na kupona. Shida yake imekwisha, safari ingeendelea. Yesu anasimama. "Ni nani aliyenigusa mavazi yangu?" Wanafunzi wanalishangaa swali lenyewe.

Na Yairo je? Tunasema haraka haraka haina baraka, lakini kamwambie hilo baba ambaye mtoto wake anakata roho! Kila nikisoma hapo namhurumia yeye kuliko wote. Yule mwanamke anaanza kueleza, na mambo ya miaka 12, waganga na mali iliyoteketea, hayaelezwi upesi. Yesu anamsikiliza, anamwita "Binti." Sisi tunapeana amani kanisani huku jicho moja liko kwenye simu.

Tena angalieni, hakumwambia asahau yaliyopita. Hapa Mkunazini, mjini Zanzibar, tunalijua hilo: kanisa letu lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na likajengwa palepale palipouzwa watu. Anayeishi leo hadaiwi kuifuta jana. Mwenye jeraha la zamani akija kukusimulia, hiyo ndiyo kazi yako ya saa hiyo, hata kama ulikuwa unakwenda kwenye kikao cha parokia.

Yesu angali akisema na yule mama, habari inafika: mtoto amekufa. Sasa anamgeukia Yairo. "Usiogope, amini tu." Muda ule wote Yairo aliongojea, sasa anapewa Yesu mzima, kama alivyopewa yule mama. Wanafika nyumbani, vilio vimetanda. Anamshika mtoto mkono, mtoto anainuka, anatembea. Wazazi wameduwaa, na mitume watatu vilevile. Katika chumba kile ni mmoja tu aliyekumbuka kwamba mtoto aliyekuwa mgonjwa ana njaa. Akaamuru apewe chakula.