Chanjo ya Taifodi ya Kuku: Kilicho Ndani ya Chupa Ni Hai
(Mhadhara kwa wafugaji, Kakamega)

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo. Nimepewa nafasi kabla ya chai, kwa hiyo najua chai ikifika, mimi nimeisha.

Pale mlangoni mama mmoja ameniuliza: "Daktari, nilichanja layers wangu, wale kuku wa mayai, taifodi, mbona wanakufa?" Nikamuuliza, wiki ile uliwatilia nini kwenye maji? "Dawa kidogo tu, ile ya unga."

Hapo ndipo pesa ilipozama. Chanjo tunayotumia sana, 9R, ni salmonela, bakteria wa taifodi hii, akiwa hai lakini amepoteza ukali. Anadungwa, anazaana kidogo, mwili wa kuku unajifunza kumpiga ndugu yake mkali. Ukitia antibiotiki kwenye maji, umeua chanjo yako mwenyewe, dawa haichagui. Ukiibeba mfukoni juu ya boda hadi Shinyalu, ni yaleyale. Ibebwe kwenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, na ukishaichanganya itumie ndani ya saa chache.

Mchanje aliye mzima. Aliyezubaa, kishungi kimepauka, anaharisha kijani, chanjo haimponyi. Kwa kawaida tunadunga wiki ya 6 hadi ya 8, kisha tunarudia karibu wiki ya 16, kabla hawajataga. Na msidhani taifodi ni ya layers pekee. Hata ingokho, yule kuku wa kienyeji tunayemchinjia mgeni, huipata. Vifaranga ni shida nyingine: ugonjwa hupita ndani ya yai, kwa hiyo muulize anayekuuzia kama mama zao hupimwa damu. Wapimwe kabla ya kuchanjwa, maana chanjo inaweza kukivuruga kipimo.

Kuna salmonela wengine, hasa Enteritidis. Kuku anaweza kutembea naye akiwa mzima kabisa, anayeumwa tumbo ni mla yai. Mwaka 1988 huko Uingereza naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alisema sehemu kubwa ya mayai yao ina salmonela. Soko likaanguka, naye akajiuzulu. Miaka 10 baadaye wakaanza kuchanja kuku wa mayai yenye nembo ya simba, alama ya ubora huko, na 2017 wakawaruhusu hata wajawazito kula mayai hayo yakiwa laini, hayajaiva sana. Lakini pamoja na sindano walipima makundi, wakasafisha mabanda, wakapigana na panya.

Ni nani hapa hana panya kwenye stoo ya chakula cha kuku? Mkono mmoja tu? Mzee, wakati wa chai kaa karibu nami, unieleze umefanyaje.