A au an? Liulize sikio lako

Mulembe Kakamega, misawa Kisumu, hamjambo Nakuru. Leo tuna jambo dogo linaloharibu barua nyingi za kuomba kazi: a na an.

Shuleni huimbwa kwamba an hukaa mbele ya a, e, i, o, u. Wimbo huo unafuata herufi, na Kiingereza kinafuata sauti. Sisi Kiswahili chetu tunakiandika kinavyosikika, kwa hiyo jicho letu limezoea kuiamini herufi ya kwanza. Ukija kwa Kiingereza, jicho hilo hilo linakupoteza, unaandika "an university" bila wasiwasi wowote.

Dawa unayo tayari. Chukua neno linalofuata, liandike kwa tahajia ya Kiswahili jinsi linavyotamkwa, kisha tazama linaanza na nini. University ni yunivasiti. Linaanza na y, basi ni a university, iwe ni Maseno au Egerton kule Njoro. Lakini mwanafunzi wa Egerton ni an Egerton student, kwa sababu hapo e inasikika. Uniform ni yunifomu: a uniform. European ni yuropian: a European. Umbrella ni ambrela: an umbrella. Hour ni awa: an hour. One-way ni wanwei: a one-way street. Hata ugali hauna taabu, u yake ni u kweli: an ugali lunch. Mganda naye ni a Ugandan, maana kwa Kiingereza nchi yake hutamkwa Yuganda.

Jozi inayowanasa wengi ni ear na year. Sikio ni ia, kwa hiyo an ear. Mwaka ni yia, kwa hiyo a year. Ile y ya year ni nyepesi na imebanana na i, ndiyo maana watu huimeza, kisha wakaandika "an year". Itamke kwanza, halafu uandike.

Herufi h haina mambo mengi. Inanyamaza katika familia nne tu za maneno: hour, honest, honour na heir, pamoja na watoto wao kama honorary na heiress. Hotel, hospital na hundred zina pumzi ya h, kwa hiyo ni a. Kuna herb: kule Marekani h yake haitamkwi, wanasema an herb; Uingereza inatamkwa, wanasema a herb. Mtihani wa Kiingereza cha Uingereza ujibu kwa a.

Sasa vifupisho, na hapa hata maripota huteleza. Usiangalie herufi, angalia jina la herufi. M jina lake ni em, N ni en, S ni es, F ni ef. Kwa hiyo ni an MP, an MCA, an NGO, an SMS, an M-Pesa agent. U jina lake ni yu: a UN officer, a US visa. K ni kei: a KCSE certificate. Gredi nazo: an A, a B plus, an E. Kifupisho kikisomwa kama neno, hesabu inabadilika. HELB husomwa helb, basi ni a HELB loan. Kadi ya SHA ukiisoma "sha", ni a SHA card. Ukitaja herufi moja moja, es-echi-ei, ni an SHA card. Zote mbili ni sahihi, mradi maandishi yafuate unavyotamka.

Tarakimu pia zina sauti: an 8, an 11, an 18-year-old, an 80-shilling fare. 1 ni wan, kwa hiyo a 1-litre bottle.

Tena, a na an haziangalii nomino. Zinaangalia neno lililo jirani. An egg, lakini a boiled egg. A house, lakini an old house. An hour, lakini a whole hour. Makosa mengi huingia wakati wa kuhariri: mtu anaongeza kivumishi katikati, anasahau kurudi nyuma kurekebisha.

Kwa nini Kiingereza kinajisumbua hivi? Sema "a apple" haraka, utasikia koo linakwama kati ya irabu mbili. Ile n ni daraja. Nasi tunafanya jambo la aina hiyo: tunasema kitabu kizuri, lakini hatusemi kitabu kiangu, tunasema changu. Na hapo kale an ndiyo ilikuwa neno lenyewe, maana yake moja. N ikadondoka mbele ya konsonanti. Apron zamani ilikuwa napron, watu wakasikia "a napron" kama "an apron", n ikahama nyumba.

Kwa kuongea, the nayo inafuata njia hiyo hiyo ingawa haibadiliki kwa maandishi. Mbele ya irabu sema dhi: dhi awa, dhi MP. Mbele ya konsonanti sema dha: dha yunivasiti, dha hoteli.

Kabla hujatuma barua yako, isome kwa sauti, usisome kimoyomoyo, na kila ukifika kwa a au an, simama utamke neno linalofuata peke yake.