Dawa ya kusafishia injini: ya tangi, ya oili, na gari ambayo usiitie kabisa

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji. Leo tupo uwani kwangu, Kwarara, na gari iliyo mbele yetu ni Toyota IST ya jirani yangu. Hebu tunyamaze kidogo muisikilize. Umesikia? Silensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda inashuka, na asubuhi gari ikiwa baridi inapiga misi, inakatakata, dakika moja mbili ndiyo itulie. Gari hii kazi yake ni Kwarara na Darajani, Darajani na Kwarara, foleni mwanzo mwisho. Injini haiwahi kushika moto wake sawasawa, petroli haiungui yote, masizi yanabaki ndani.

Dawa zipo, na zinafanya kazi. Ila madukani mtakuta za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapoharibu magari yao. Moja inatiwa kwenye tangi la petroli. Hiyo inasafisha nozeli zinazopuliza petroli, valvu na juu ya pistoni. Nyengine inatiwa kwenye oili, inayeyusha tope lililoganda chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Usinunue yoyote kabla hujajua uchafu wako umekaa wapi.

Kwa hiyo tunaanza na plagi. Zima gari, iache ipoe kabisa. Fungua bolti ya koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa spana ya 10, vuta koili taratibu, halafu teremsha soketi ya plagi ya 16. Kamera isogee hapa. Tazama ncha hii: nyeusi, kavu, kama kitako cha sufuria iliyopikiwa kuni. Napitisha kidole, inatoka unga. Haya ni masizi ya petroli, na ndiyo kazi ya dawa ya tangi. Ingekuwa imelowa, inateleza kwa oili, basi tatizo ni ringi za pistoni au sili za valvu, na hakuna chupa ya dukani itakayolitibu. Utakuwa umetupa pesa.

Na hii hapa ni filta ya hewa. Naigonga chini, ona vumbi lilivyomwagika. Filta ikiziba sana, petroli inaweza kuzidi hewa na plagi ikawa nyeusi vilevile. Tunaweka mpya kwanza, vyenginevyo masizi yanaweza kurudi.

Sasa chupa. Geuza nyuma usome. Mimi natafuta herufi tatu, PEA, yaani polietaamini. Hiyo inastahimili moto wa ndani ya silinda, kwa hiyo inafika mpaka juu ya pistoni. Soma na kipimo: chupa hii ni ya tangi zima moja. Usitie mbili ukidhani itasafisha mara mbili. Na tafadhali, mafuta ya taa si dawa ya injini. Yasitiwe kwenye petroli, yasitiwe kwenye oili, hata kama fundi wako amezoea.

Subiri mshale wa petroli ukaribie chini. Vaa glavu, kaa mbali na sigara, mimina dawa yote, kisha nenda sheli moja kwa moja ujaze. Dawa itangulie ili petroli ikiingia iichanganye.

Baada ya hapo gari inataka safari. Ukiirudisha kwenye foleni ya Darajani utakuwa hujafanya kitu. Toka uende Nungwi au Makunduchi, zaidi ya kilomita 50 kwenda tu. Sisemi ukimbize, barabara zetu zina watoto wa skuli na baiskeli. Gari ya otomatiki kama hii zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, kwa ile swichi ya kwenye mkono wa gia. Mizunguko ya injini itapanda mpaka 2,500 au 3,000 kwa dakika bila ya spidi kuzidi. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Na usiongeze petroli njiani, acha tangi lishuke karibu na mwisho.

Wenye Noah za injini ya D-4, nisikilizeni. Gari zenu zinapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa. Dawa ya tangi itasafisha nozeli na pistoni, lakini masizi ya valvu hizo haitayagusa. Yale yanasafishwa kwa kufunguliwa.

Nije kwenye dawa ya oili, na hapa nitasema polepole kwa sababu nimeumia nayo. Shemeji yangu aliniletea gari aliyoinunua kwa mtu, rekodi ya kubadilisha oili hakuna. Nikatia dawa bila ya kuchungulia, nikamwaga, nikatia oili mpya, nikamwambia nenda. Hajafika Mahonda, taa ya oili ikawaka. Bahati alizima papo hapo. Tulipofungua sampu, chujio linalonyonyea oili limeziba kwa mapande ya tope jeusi, mazito kama halua. Dawa ilikuwa imeyabandua yote kwa pamoja.

Tangu siku hiyo nafungua kifuniko cha oili na kumulika kwa tochi kwanza. Ukiona chuma kina rangi ya hudhurungi tu, unaweza kutia. Ukiona tope limeganda, usitie dawa. Badilisha oili na filta mapema, kila baada ya kilomita 1,000 au 2,000, mara kadhaa, litoke kidogo kidogo. Au ifunguliwe sampu isafishwe kwa mkono. Na ukiona utando mweupe kama maziwa, hayo ni maji, mtafute fundi aangalie gasketi.

Injini ikiwa inafaa, tia dawa kwenye oili ya zamani injini ikiwa na moto, iache silensa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, nyingi ni 10 hivi. Usiendeshe, usikanyage mafuta. Zima, mwaga oili ikali moto, tahadhari na mikono, filta mpya, oili mpya.

Haya, leo ni siku ya sita. Jirani amerudi na tangi limekaribia kumaliza. Sikiliza silensa. Imetulia, haipandi haishuki. Natoa plagi ile ile: ncha imeanza kuwa ya kijivu, ila pembeni bado kuna weusi. Asubuhi anasema bado inashtuka mara moja ikiwashwa, kwa hiyo plagi zote nne tunabadilisha. Na oili tunamwaga leo leo, kwa sababu dawa ya tangi nyengine hupenya pembeni mwa ringi ikateremkia kwenye oili. Nipe spana ya 14, tuanze na nati ya chini.